KUTOBOA UKUTA SI KAZI YA HARAKA

Tunawaandikia ndugu zetu wa Kiziba na ninyi mlio mbali kutoka huku Nkanka, wilaya ya Rusizi, kule wazee wanakoita bado Cyangugu. Ziwa liko mahali pake, sambaza zinapatikana siku nyingine na siku nyingine hazipatikani, na watoto wanasoma.

Mama mmoja wa huko kambini alituma swali kwa mdomo wa mtu aliyekuja kututembelea. Ameuliza: "Ninyi ambao ni familia ya mafundi, mnifundishe namna ya kutundika kitu kwenye ukuta bila ukuta kuanguka." Tulicheka kwanza, kisha tukaona si jambo la kucheka. Wengi wetu tulikulia kwenye nyumba za miti na udongo, juu shitingi. Pale unapigilia msumari kwenye mti, mambo yamekwisha. Sasa wengine wamehamia nyumba za matofali, wengine wamepanga vyumba mjini, wengine wamekwenda Marekani, na kila mmoja anasimama mbele ya ukuta na kitu mkononi: msalaba, kioo, kamba ya chandarua, kabati la vyombo. Kwa hiyo tumeamua kuandika yale tunayoyajua, na pia habari ya ukuta mmoja wa hapa uliotusumbua mwaka mzima.

Jambo la kwanza ni kujua ukuta wako umejengwa na nini. Watu wanadharau hili. Wanaona plasta nzuri, rangi nyeupe juu na kahawia chini, wanasema "hii ni nyumba ya sima". Kumbe sima iko nje tu kama shati. Huku Nkanka nyumba nyingi ni za rukarakara, yaani tofali la udongo mbichi lililokaushwa na jua, halijapita motoni. Nyingine ni za matofali ya kuchoma, lakini angalia: mara nyingi yale matofali yameunganishwa kwa udongo, siyo kwa sima, maana sima ni pesa. Nyingine chache, hasa za karibu na barabara, ni za bloki za sima. Halafu msingi ni mawe, mara nyingi yale mawe meusi ya volkano ambayo yanavunja ncha ya mashine yako upesi.

Mtu atasema: lakini kiwanda cha sima kiko hapahapa wilayani! Ni kweli, Cimerwa iko Bugarama, kwenye bonde, na ilianza kutoa sima mwaka 1984. Lakini kuishi karibu na kiwanda hakukupi mfuko wa bure. Mkulima anayejenga kwa awamu ananunua mifuko michache, anaiweka kwenye plasta na sakafu ambapo macho yanaona, na ndani ya ukuta anaacha udongo. Hatumlaumu. Nasi tungefanya hivyohivyo.

Namna ya kujua ni kugonga. Chukua kitu kigumu kidogo, nyuma ya kisu inatosha, ugonge polepole ukitembea na ukuta. Rukarakara inajibu kwa sauti nzito, fupi, kama unagonga mfuko wa maharage. Tofali la kuchoma linajibu juu zaidi, linalia kidogo. Bloki yenye tundu ndani inalia kama mtungi. Na pale plasta ilipoachana na ukuta utasikia sauti ya peke yake, kama karatasi ngumu. Hapo usitoboe kabisa, maana unatoboa hewa. Ukiwa bado na shaka, toboa kijitundu kidogo mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango kwa mfano, uangalie unga unaotoka. Unga wa kahawia laini ni udongo mbichi. Mwekundu wa chembechembe ni tofali la kuchoma. Wa kijivu ni sima. Ukitoka mwekundu kisha ghafla kahawia, ncha imeingia kwenye kiungo cha udongo katikati ya matofali mawili, na pale hakuna kitakachoshika.

Sasa tuje kwenye ukuta wetu.

Nyumba tunayopanga ni ya mama mzee mmoja mjane, sisi tunamwita mukecuru kama kila mtu wa hapa. Yeye anaishi nyumba ndogo ya nyuma, sisi tuko hii kubwa ya mbele: baba, mama, shemeji na watoto wanne. Ni ya rukarakara, plasta ya sima, bati juu. Jiko peke yake, lililoongezwa baadaye, ndilo la matofali ya kuchoma. Tulipoingia mwaka 2021 tuliona kwenye chumba cha watoto ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kuelekea darini, kama ngazi. Pembeni ya ufa kulikuwa na alama za kalamu ya risasi, mistari midogo, na kila mstari una tarehe. Wa kwanza uliandikwa Februari 2008.

Walio wakubwa wanakumbuka siku ile. Ilikuwa Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, watu wako kanisani. Tetemeko la 5.9 lilipiga huku Rusizi na Nyamasheke na upande wa pili Bukavu. Upande huu wa Rwanda walikufa zaidi ya watu 30, na baadhi walifia ndani ya makanisa yaliyowaangukia wakiwa wanasali. Bukavu nako watu walikufa na majengo yalipasuka. Na halikuwa la kwanza wala la mwisho. Tarehe 24 Oktoba 2002 lilikuwa limepiga la Kalehe, kubwa zaidi, 6.2, na Agosti 2015 likaja jingine upande wa Kabare. Ziwa Kivu limelala ndani ya Bonde la Ufa, ardhi ya pande mbili inaachana polepole, na siku inapojinyoosha sisi tunaoishi juu yake tunajua. Ndiyo sababu tunasema mtu wa huku asitoboe ukuta kama mtu wa nchi isiyotikisika.

Mume wa mukecuru, marehemu, ndiye aliyeweka zile alama. Alikuwa mwalimu. Kila baada ya miezi alikuwa anapiga mstari pale ufa unapoishia na kuandika tarehe, ili ajue kama unatembea au umesimama. Ni njia ya kifundi kabisa, hata wainjinia wanaifanya, wengine wanabandika kipande cha kioo juu ya ufa: kioo kikivunjika, nyumba inatembea. Mistari yake ilikuwa minne, yote karibukaribu, wa mwisho wa 2016. Maana yake ufa ulikuwa umetulia. Tulifurahi kuona vile.

Basi mwaka juzi, baada ya mavuno ya maharage, mukecuru akaja na ombi. Nyumba yake ndogo inaingia unyevu, panya wanamaliza chakula. Akataka tumtengenezee rafu kubwa ya mbao ndani ya nyumba hii ya mbele, juu kabisa, aweke magunia yake. Na mahali alipochagua ni ule ukuta wa chumba cha watoto, juu ya kitanda, kwa sababu kuta nyingine zina milango na madirisha. Alikuwa amekwisha kununua mbao. Alikuwa pia amekwisha kuongea na kijana wa Kamembe mwenye mashine ya kutobolea, mjukuu wa rafiki yake.

Tuhesabu pamoja. Gunia la maharage ni kilo 100 likijaa, yeye hulijaza nusu ili aliweze. Magunia matatu ya nusu ni kilo 150. Weka mbao zenyewe, weka ndoo ya unga, umefika 180. Hiyo yote inaning'inia kwenye skrubu sita zilizoingia ndani ya udongo mkavu, juu ya vichwa vya watoto wanne, kwenye ukuta wenye ufa wa 2008, Rusizi.

Lakini unamwambiaje mama mzee mwenye nyumba? Sisi ni wapangaji, na tena ni wakimbizi. Neno likitoka vibaya linafika kisimani kabla yako. Tulikaa usiku tukitafuta namna ya kusema, na asubuhi kijana wa mashine akawa amefika kabla hatujasema lolote. Mama alikuwa sokoni, watoto shule. Nyumbani alikuwa shemeji peke yake, na kijana akamwambia mukecuru amekubali, akaanza.

Alianza na ile mashine ikiwa kwenye kugonga. Hapa tueleze kidogo, maana wengi wanaona mashine ni mashine. Zile za kisasa zina kazi mbili: kuzunguka tu, au kuzunguka huku ikigonga mbele kwa haraka sana. Kugonga ni kwa beto, bloki nzito na mawe. Kwa tofali la kuchoma lililo zuri unaweza kugonga kidogo tu. Kwa rukarakara, kamwe. Udongo mbichi haukatwi kwa kugongwa, unapasuka na kumeguka, na plasta ya sima iliyo juu yake, ambayo ni ngumu na haishikamani vizuri na udongo, inabanduka kama ganda la yai.

Ndivyo ilivyokuwa. Tundu la kwanza lilipaswa kuwa na upana wa kidole kidogo, likawa la ngumi. La pili likabandua plasta ukubwa wa sahani. Kijana akasema, "Mzee, hii ukuta haina nguvu, inakula tu mashine. Lete skrubu ya ndefu zaidi." Shemeji akamwambia, "Kijana wangu, simama kwanza. Zima." Mukecuru akaja kwa ile kelele, akaona ukuta wake uko chini kwenye blanketi za watoto. Na kijana akasema, mbele yetu wote, eti nyumba imeharibika kwa sababu wapangaji hawaitunzi.

Hatutaki kuandika jinsi jioni ile ilivyokuwa. Mukecuru alinyamaza siku tatu. Akipita anatazama chini. Jirani mmoja alituuliza kwa upole kama ni kweli tunahama. Mama wa nyumba hii ndiye aliyekwenda kwake siku ya nne, bila maneno mengi, akiwa na sahani ya sambaza, akakaa naye. Akamwambia, "Mama, rafu tutaifanya. Lakini njoo kwanza ulale wewe kwenye kile kitanda, utazame juu, ndipo utuambie pa kuiweka." Na mukecuru akaja kweli. Akalala pale mchana, mzee mzima, na kilemba chake kichwani, akatazama ule ufa na ile mistari ya mume wake. Alipoinuka akasema, "Wekeni chini."

Rafu tuliyotengeneza haigusi ukuta ule hata kwa skrubu moja. Ina miguu minne ya mkaratusi mkavu, inasimama sakafuni ndani ya jiko letu, na chini ya kila mguu tumeweka kopo lenye mafuta machafu kidogo ili mchwa wasipande. Uzito wote unakwenda kwenye sakafu. Huo ndio ushauri wetu mkubwa kwa mama aliyeuliza: kitu kizito kwenye nyumba ya udongo kisimame, kisining'inie. Ukuta ukipewa kazi, iwe kazi ya kuzuia rafu isianguke mbele tu, si kuibeba. Pale jikoni tuliifunga juu kwa skrubu mbili, na kwa kuwa jiko ni la tofali la kuchoma, tuwaeleze tulivyofanya.

Kwanza tulizima umeme kwenye kasha kubwa, si kwenye swichi. Waya ndani ya ukuta kwa kawaida inapanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na tundu la umeme, kwa hiyo usitoboe juu wala chini ya swichi hata kama inaonekana ni mahali pazuri. Na nyumba za zamani zina mafundi waliopitisha waya mshazari ili kuokoa mita mbili, kwa hiyo usiamini sana. Ukizima kasha kubwa mashine yenye waya nayo haiwaki. Ndiyo sababu tuliazima ya betri. Usiye na ya betri tumia keekee ya mkono, ile ya maseremala, na ncha ya ukutani. Ni polepole, lakini tofali letu la kuchoma si gumu hivyo.

Ncha yenyewe iwe ya ukutani, ile yenye kipande kipana cha chuma kigumu mbele kama kofia ndogo. Ncha ya mbao au ya chuma ikiingia tofali inaungua na kuwa butu ndani ya dakika moja. Ukubwa wa ncha ulingane na kile kipande cha plastiki kinachovaa skrubu: plastiki ya 8, ncha ya 8. Skrubu yake iwe ya 5 au 5 na nusu. Watu wanachukua ncha kubwa kidogo ili plastiki iingie kwa urahisi, halafu wanashangaa inazunguka na skrubu. Inatakiwa iingie kwa kugongwagongwa na nyundo ndogo.

Toboa katikati ya tofali, usitoboe kwenye kiungo, na kaa mbali na kona na kando ya dirisha, angalau shubiri nzuri moja. Funga utepe kwenye ncha mahali unapotaka kusimama, usijikute umetokea kwa jirani. Anza polepole bila kugonga mpaka umevuka plasta. Shika mashine wima na ukuta, uvute nyuma mara kwa mara ili unga utoke. Ukimaliza, lile tundu ulisafishe. Watu wengi hawasafishi. Unga ukibaki ndani, plastiki inakaa juu ya unga kama mtu aliyeketi juu ya mchanga. Tumia mrija au pampu ya baiskeli, lakini usipulize kwa mdomo uso ukiwa mbele, utakula unga wote kwa macho.

Na kuhusu huo unga tuseme neno, hata kama si la kupendeza. Shemeji wetu alipokuwa kijana alifanya kazi ya kukata na kutoboa mawe na beto upande ule wa Bukavu, miaka tisa, bila kitu puani. Leo ana miaka 46, akipanda kilima cha kutoka ziwani anasimama mara tatu. Daktari alimwambia vumbi la mawe limekaa kwenye mapafu na halitoki, hakuna dawa ya kulitoa. Vumbi la mawe, mchanga, sima na tofali lina chembe ndogo kuliko unavyoziona, na zile zisizoonekana ndizo zinazofika chini kabisa. Tundu moja la chandarua halitakuua. Lakini kijana anayetoboa kila siku, na mama anayefagia nyuma yake akiwa na mtoto mgongoni, hao ndio tunaowaogopea. Lowesha ukuta kwa kitambaa chenye maji pale pa kutoboa, ila maji yasifike kwenye mashine ya umeme. Fungua madirisha. Watoto watoke. Usifagie pakavu, nyunyizia kwanza. Kitambaa cha kawaida usoni kinazuia kidogo tu. Barakoa zile nzito, zinazobana vizuri, zinafaa zaidi kama unazipata.

Kwa walio na rukarakara na wanataka kutundika kitu chepesi, kioo au picha, ipo njia ya wazee. Toboa kwa mkono tundu la upana wa dole gumba, refu kama kidole cha kati, lipanuke kidogo kwa ndani. Chonga kipande cha mti mgumu uliokauka kabisa, nacho kiwe kinene zaidi kwa nyuma. Lowesha tundu, jaza udongo ule ule uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, uzamishe kipande chako, uache wiki mbili. Usijaze sima. Sima ni ngumu kuliko udongo ulioizunguka, itatoka nzima kama jino. Kikikauka, skrubu unaiingiza kwenye mti. Tundu zile mbili za kijana wa Kamembe tuliziziba hivyohivyo kwa udongo na majani, na leo huwezi kuziona.

Chandarua ni rahisi zaidi: usisumbue ukuta. Funga kamba kutoka mti wa paa hadi mti wa paa. Au simamisha vijiti vinne kwenye kona za kitanda. Huko Kiziba mnajua hili kuliko sisi.

Ninyi wa Marekani, binamu yetu wa Louisville anasema kuta zao zinalia kama ngoma. Ni kweli, ni bodi nyembamba ya jipsamu juu ya fremu ya mbao, ndani ni wazi. Huko dawa ni kutafuta mti wa ndani, ambao kwa kawaida unakuja kila baada ya sentimita 40 hivi, na kuingiza skrubu pale. Yeye hakuutafuta, televisheni ikatoka na ukuta, na mwenye nyumba akabaki na deposit. Tunamwandika hapa kwa ruhusa yake, alisema "waambieni".

Turudi kwenye ufa. Tulipokuwa tumeshika vyombo tulimwomba mukecuru ruhusa ya kuufunga. Hapa ni lazima kutoboa, lakini ni kutoboa kwa namna nyingine: kupita ukuta wote mpaka nje. Tulichukua mbao mbili za mkaratusi, moja ndani moja nje, zinazolala kuvuka ufa, na tukazibana pamoja kwa vyuma vya milimita 12 vyenye meno ya nati mwanzo hadi mwisho, vinne, tulivyokatiwa Kamembe. Matundu tulitoboa kwa keekee ya mkono na ncha ndefu ya mbao, maana udongo mkavu unakatika kwa kuzungushwa tu. Kila nati ina washa pana chini yake. Unakaza kwa mkono, kisha unaongeza zungusho moja la spana, basi. Ukikaza kama gurudumu la lori unasaga udongo na umetengeneza ufa wa pili.

Kazi hiyo haifanyi nyumba kuwa ya kushinda tetemeko. Nyumba inayostahimili inatakiwa kuwa na mkanda wa beto wenye ferabeto kuzunguka kuta zote juu ya madirisha, na kona zilizoshikana toka msingi. Hiyo huwezi kuiongeza kwa mashine ya kutobolea. Zile mbao zinashikilia vipande viwili visiachane haraka, ili mtu apate nafasi ya kutoka. Tulimweleza mukecuru hivyo, bila kumdanganya. Tulichimba pia mfereji nje, kwa sababu maji ya bati yalikuwa yanadondoka palepale chini ya ule ukuta na kula msingi, na tunafikiri hayo maji yana kosa kubwa kuliko tetemeko.

Siku tulipomaliza, mukecuru alileta kalamu ya risasi. Akasema tupige mstari. Baba akapiga pale ufa ulipoishia, akaandika tarehe chini ya ile ya 2016. Masika yaliyofuata ufa haukusogea. Masika ya mwaka huu, mvua zilipokuwa nyingi, tumekuta umepita mstari wetu kwa upana wa vidole viwili. Mbao hazijalegea, nati ziko sawa, lakini umepita. Tumemwambia mukecuru siku ileile, naye amempigia simu mwanae wa Kigali aje kiangazi na mtu anayejua majengo, aangalie msingi. Tumepiga mstari mpya. Kitanda cha watoto kiko upande wa pili, karibu na mlango, na mlango wenyewe tumeugeuza ufunguke kwa nje.